'Leseni ya Muda': Istilahi Inayopotosha

Katika tafsiri za maelezo wanayopewa wageni waishio Uingereza tumekuta, si mara moja, istilahi 'leseni ya muda'. Hatuiafiki. Mgeni ambaye leseni ya kwao haibadilishwi huko, mathalani Mtanzania, huruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tangu alipohamia. Akitaka kuendelea kuendesha, hana budi kuomba leseni ya huko ya kuanzia, kisha afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Hiyo ya kuanzia ndiyo mfasiri ameiita 'ya muda'. Msomaji ataelewa nini? Kwamba amepewa ruhusa ya kuendesha kwa kipindi fulani! Kumbe miezi 12 ikishapita, mwenye leseni hiyo haruhusiwi kuendesha gari pasipo msimamizi aliyetimiza umri wa miaka 21 na aliyekuwa na leseni kamili kwa miaka 3. Tena gari sharti libandikwe herufi L. Akienda peke yake ametenda kosa, na aliyemwongoza huko ni mfasiri. 'Leseni ya mwanagenzi' ingefaa, ingawa neno hilo lanukia karakana mno. Sisi twapendekeza 'leseni ya kujifunzia', ambayo hata karani asiyeijua sheria yenyewe hawezi kuielewa vingine.