Tarishi Ambaye Hakukimbia

Mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi maana bado tunakaa kijiwe kimoja, alituletea shairi Kasulu mjini Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 2025. Jumamosi ndiyo siku tunayokutanaga kusomeana kazi na kukosoana bila haya. Siku tano kabla, Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, na nchi nzima ilikuwa bado inasimuliana ule mwisho: Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari ndiyo iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nani asingeandika shairi?

Shairi lilikuwa na beti kumi na nne. Vina vimekaa, mizani imetimia, na jamaa sauti anayo. Tulipiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Ila ndani ya basi la kurudi Kibondo, tulipopita Makere, yale makofi yakaanza kunisuta. Nimeamua kuandika hapa niliyopaswa kuyasema pale pale, na mwenyewe ameniruhusu.

Shairi linaanzia Ugiriki, mwaka 490 K.K., kwenye uwanda wa Marathoni. Waathene wachache wanawapiga Waajemi wengi. Tarishi anayeitwa Philippides anakimbia hadi Athene, anatamka kuwa wameshinda, anaanguka, anakata roho. Kisha mshairi anaruka miaka elfu mbili na mia tano: Simbu ndiye tarishi mpya, amemshinda Mdachi, na damu ya Majimaji imelipwa. Mwisho. Makofi.

Tuanze na huyo tarishi. Herodotus, aliyeandika habari za vita vile miongo michache tu baadaye, anamtaja mkimbiaji, lakini wa safari nyingine. Alitumwa kabla ya pigano, kutoka Athene kwenda Sparta, mwendo wa kilomita 240 hivi, kuomba msaada. Wasparta wakajibu kwamba sheria yao haiwaruhusu kutoka mpaka mwezi utimie. Walipokuja, vita vimekwisha, wakaangalia maiti wakarudi kwao. Yule anayekimbia baada ya ushindi na kufa mlangoni, Herodotus hamjui kabisa. Anajitokeza kwa Plutarch, zaidi ya miaka mia tano baadaye, tena kwa jina jingine. Lucian ndiye anayempa jina la Philippides. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Browning akazichanganya safari zote mbili katika shairi moja. Miaka michache mbele Mfaransa Michel Bréal akatoa wazo la mbio za namna hiyo kwa Olimpiki ya Athene ya 1896. Basi ndo hivyo. Kila anayekimbia marathoni leo anakumbuka kitu kilichotengenezwa na watu wa kalamu.

Sasa, msinielewe vibaya. Simlaumu mtunzi kwa kutunga. Kwetu Waswahili hilo si geni, na Wagiriki tunao muda mrefu ndani ya tenzi zetu. Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi wa Konstantinopoli, ambao lugha yao ilikuwa Kigiriki. Mamia ya beti, panga zinalia, vichwa vinaanguka. Ukienda kwenye historia, jeshi la Mtume lilifika Tabuk mwaka 630, halikukuta jeshi la Warumi, likarudi. Hapakupiganwa. Mwengo alijua anachokifanya: alikuwa na watu wake wa Pate mbele yake, na vita alivyotunga ni vyao, kwa mawaidha yao na hofu zao. Browning vilevile, alikuwa na Waingereza wake. Swali langu kwa mwenzetu ni dogo tu. Wewe ulikuwa na nani mbele yako? Maana sisi tuliokaa pale kwenye mabenchi hatumo katika hilo shairi, hata kwa kivuli.

Halafu kuna hilo la Mdachi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Amanal Petros amezaliwa Eritrea. Alifika Ujerumani akiwa kijana, mkimbizi. Mtu wa namna hiyo, mshairi wa Kasulu anamfanya kuwa von Götzen! Kasulu, ambako Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu wa Kongo, na ambako kuanzia Oktoba 1993, alipouawa Rais Ndadaye, Warundi walivuka wakiwa na magodoro kichwani. Nusu yetu tumesoma au tumecheza mpira na watoto waliokuja kwa miguu. Mwenzetu alikuwa na uwezo wa kumtambua Petros kuliko mshairi yeyote wa Berlin, na akaliacha jambo hilo lipite kwa sababu "Mdachi" linaleta kina. Washkaji, kina kinapokuamulia nani ni adui yako, weka kalamu chini ukanywe chai kwanza.

Lakini kubwa zaidi ni tarehe. Tarehe 20 Septemba, nimesema. Siku moja kabla ilikuwa imetimia miaka 109 tangu Tabora ianguke mikononi mwa Wabelgiji, 19 Septemba 1916. Hakuna aliyeikumbuka pale kijiweni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wabelgiji waliingia na jeshi lao la Kongo, Force Publique. Kigoma waliiteka mwishoni mwa Julai, na Uha yetu ikakaa chini yao mpaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. (Mwaka huo huo wa 1921 ndipo zile kilomita 42.195 zilipowekwa kuwa urefu rasmi wa marathoni.) Huko Brussels upo mtaa unaoitwa Tabora mpaka leo, katikati ya jiji. Wenyewe wanaadhimisha. Sisi tuliopitiwa juu tunaadhimisha Marathoni.

Na vita vile vilibebwa kichwani. Risasi, unga, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote juu ya watu. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji peke yake wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili, walio wengi wakichukuliwa kwa nguvu, na waliokufa kwa njaa, baridi na kuhara hawakuhesabiwa sawasawa. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, ndo wametuachia jina la Kariakoo. Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kwa sifa nzuri, ila ukiinua macho unaona mtu mmoja tu juu ya jiwe, naye ana bunduki na singe. Mzigo hauonekani.

Nasema haya si kwa kuwaonea Wagiriki. Nao wana hadithi hiyo hiyo. Pale Marathoni kuna kilima cha kaburi cha Waathene 192, majina yao yaliandikwa, na wakimbiaji wa mbio za Athene hupitishwa hapo mpaka leo. Mwandishi wa zamani Pausanias anaeleza kwamba watumwa nao walipigana siku ile, lakini walizikwa kando pamoja na watu wa Plataia. Na aliyeshinda marathoni ya 1896, Spyridon Louis, kazi yake ilikuwa nini? Kubeba maji kuyapeleka Athene. Hebu fikiri shairi ambalo lingeanzia hapo, kwa mchota maji badala ya tarishi! Au lingeanza na mzee wetu John Stephen Akhwari, Mexico 1968, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani wa mwisho usiku wakati watu wengi wameshaondoka.

Baada ya wapagazi wakaja manamba. Kibondo na Kasulu zikawa ghala la kutolea vijana wa kukata mkonge Tanga, mtu anapewa namba na kibarua, anaondoka. Ukihesabu, nchi hii ya juu imetembea kuliko inavyosemwa: wapagazi, manamba, wakimbizi wa kuja, wakimbizi wa kurudi. Hatujapata hata ubeti mmoja unaosema mguu unauma wapi siku ya tatu. Philippides wa kwenye shairi hana hata malengelenge. Anakimbia, anasema, anakufa. Safi kama picha ya kalenda.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwambia yote haya, mbele ya wenzetu, kwa sauti ya chini. Alinuna. Akaniambia nataka kumfanya aandike taarifa ya kijiji, na kwamba vijana wa mjini hawasomi habari za mizigo. Nikamjibu kuwa Tambuka ilisomwa na kuimbwa Pate bila mtu kulazimishwa. Akauliza, "Sasa hizo habari nitazitoa wapi, bwana, mbona vitabu havina?" Hilo lilinishinda. Nilimuuliza tu kama nyumbani kwao hakuna aliyewahi kwenda mkonge.

Wiki mbili akapotea. Aliporudi alikuwa na lile shairi lake, beti zote kumi na nne, ila ameligeuza upande wa nyuma. Babu yake alikwenda Tanga akiwa kijana. Mjukuu alimuuliza walitembea siku ngapi mpaka walipokuta lori la kuwachukua. Mzee hakujibu kwa siku. Alijibu kwa majina ya mahali walipolala, moja baada ya jingine, na katika kila jina akataja walikula nini na nani alibaki pale asiendelee. Mwenzetu ameyaandika kwa penseli kwa kufuata mzee alivyosema. Hayana vina. Alitusomea mara moja, kisha akaomba tuyasikie tena, kwa sababu jina la nne hakuwa na hakika kama amelisikia vizuri na alitaka kujua kama kuna mtu wa Kibondo anayelifahamu.