Mnyonge Mnyongeni, Shaba Yake Mpeni

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, kuna jumba ambalo mashabiki wa besiboli hulichukulia karibu kama hekalu. Ni Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo huo. Ndani mna vibao vya shaba ukutani, kila kimoja kikiwa na sura ya mtu na maneno machache kuhusu kazi yake. Kila Januari, kura za waandishi zinapotangazwa, ubishi huanza upya: nani anastahili kuingia, na nani abaki nje?

Nina upande katika ubishi huo. Barry Bonds anastahili kuingia, na sisemi hivyo kwa sababu namwona msafi.

Tuanze na hesabu. Pigo tamu kuliko yote katika besiboli ni homurani: mpigaji anazunguka vituo vyote vinne kwa pigo moja, mara nyingi kwa kuwa mpira umeruka uzio na kutua kwa watazamaji. Bonds alipiga homurani 762, rekodi ya Ligi Kuu. Mwaka 2001 pekee alipiga 73. Mara 7 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Kwa hesabu tu, hakuna mjadala.

Mjadala ni dawa za kuongeza nguvu. Jina la Bonds lilitajwa katika uchunguzi wa maabara ya BALCO, iliyowapa wanamichezo dawa hizo. Alikana kuzitumia kwa kujua, na hukumu pekee iliyompata mahakamani, ya kukwamisha utendaji wa haki, ilifutwa mwaka 2015. Hata hivyo wapiga kura wengi hawakumwamini, na mimi pia siwezi kusema namwamini.

Wapiga kura ni waandishi wa besiboli wenye uzoefu wa miaka isiyopungua 10, na mchezaji anahitaji asilimia 75. Kanuni zinawataka wapime uchezaji, lakini pia uadilifu na tabia. Mwaka 2022, katika nafasi yake ya kumi na ya mwisho, Bonds alipata asilimia 66. Mwaka huohuo David Ortiz alipita kwa jaribio la kwanza, ingawa magazeti yaliwahi kuripoti kwamba jina lake lilikuwa katika orodha ya siri ya waliokutwa na dawa kwenye vipimo vya 2003. Ortiz alikana, na kamishna wa ligi alisema baadaye kwamba vipimo vile vilikuwa na utata. Sina ugomvi naye. Ila Ortiz alikuwa mtu wa tabasamu, na Bonds aliwanunia waandishi miaka yote. Mtu uliyemnunia akikaa kwenye kiti cha hakimu, usitarajie mizani isiyumbe.

Tena Bud Selig, kamishna aliyeuongoza mchezo katika miaka hiyo ya dawa, aliingizwa ukumbini mwaka 2017. Mwenye funguo za ghala ana kibao. Anayetuhumiwa kuiba ghalani amezuiwa mlangoni.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Kuna wachezaji waliokataa dawa, wakapitwa na waliozitumia, wakapoteza namba, mikataba na majina. Kumtukuza Bonds si kuwatemea mate watu hao? Ingekuwa hivyo kama kuingia ukumbini kungekuwa ni kusafishwa. Lakini ukumbi huu haujawahi kusafisha mtu. Cap Anson, nyota wa karne ya 19 aliyekataa kucheza dhidi ya timu zenye wachezaji weusi, yumo tangu 1939, na kibao chake hakigusii ubaguzi wake hata kwa neno moja. Kama uadilifu ndio mlango, Anson alipitia dirisha gani?

Wengine husema tuwe na subira, kamati zitamfikiria tena Bonds. Kamati moja ya watu 16 ilimfikiria Desemba 2022, akapata kura chini ya 4. Na subira ya Cooperstown ina historia chungu. Ron Santo wa Chicago alifariki Desemba 2010. Akachaguliwa mwaka mmoja baadaye. Pete Rose, mwenye mipigo iliyofaulu 4,256, alifungiwa mwaka 1989 kwa kucheza kamari. Alikufa Septemba 2024, na kifungo chake kikaondolewa Mei 2025.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Buck O'Neil, aliyecheza katika ligi za watu weusi na kutumia uzee wake kuzisimulia. Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa ligi hizo na zilizozitangulia, wote marehemu. O'Neil, aliyekuwa hai, aliachwa. Akaenda sherehe ileile, akasimama, akawasemea wale 17. Oktoba mwaka huo akafa, akiwa na miaka 94. Kibao chake kilitundikwa 2022. Heshima ya namna hiyo humfikia nani?

Dawa ya ubishi huu imo humohumo ukumbini. Kibao cha kwanza cha Jackie Robinson, cha 1962, kilieleza uchezaji wake tu. Hakikutaja kwamba ndiye aliyevunja ukuta wa rangi katika Ligi Kuu ya zama zetu, mwaka 1947. Mwaka 2008 kilibadilishwa, jambo hilo likaandikwa. Kumbe shaba huandikwa upya, na inaweza kubeba ukweli wote.

Basi mwandikieni Bonds: homurani 762, na chini yake tuhuma za dawa na mlango aliofungiwa kwa miaka 10. Mwongezeeni Anson mstari anaoukwepa. Waliocheza bila dawa wanadai ukweli uandikwe mahali unaposomeka, na ukuta mtupu hausomeki. Waswahili tulishamaliza kesi hii kwa maneno matano: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mpeni angali hai, asome mwenyewe mlichomwandikia.