Ufundi wa Kumzoesha Panya Dunia

Ukitega mtego mpya ghalani, panya mkubwa huenda akaupita kwa mbali kwa siku kadhaa, hata chambo kinukie vipi. Mkazi wa mji wa Likasi, nchini Kongo, anayemfahamu panya buku wa porini anajua wasiwasi huo. Si ujinga: umo ndani ya seli za ubongo wake, na ndio uliowaweka hai waliomzaa.

Miaka ya 1990, nchini Ufaransa, Susan Sara na wenzake walipima seli za lokasi seruleasi, kundi dogo lililo katika shina la ubongo, panya akichunguza mahali alipo. Alipokuta kitu kigeni, seli zilichangamka ghafla, alipokizoea, zilitulia. Woga wa adui nao una njia yake. Mwaka 2013 Melis Yilmaz na Markus Meister walionyesha kwamba duara jeusi linalotanuka juu ya kichwa cha panya mdogo, kama mwewe anayeshuka, linatosha kumfanya akimbilie maficho au agande palepale, pasipo kufundishwa na yeyote.

Basi mtu anayetaka kufanya kazi na panya hana uwezo wa kuufuta woga. Anachoweza ni kupunguza mambo yaliyo mageni. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wakufunzi wa APOPO, shirika la kufunza panya lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Watu husifu kazi ya mwisho: Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania, alifichua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Mimi nasifu kazi ya mwanzo. Mtoto wa panya akiwa na wiki chache tu, macho yamefunguka juzijuzi, mkufunzi humpakata na kumtembeza. Humwonjesha dunia kidogo kidogo: nyasi, saruji, sauti za watu, kelele za magari. Hakuna bomu wala maabara bado. Kuna mkono wenye joto na subira. Baadaye huja mlio mdogo unaofuatwa na chakula, kisha harufu ya baruti ya TNT, kisha uwanja wenyewe, panya akiwa amefungwa kamba kati ya watu wawili. Mafunzo yote huchukua miezi tisa hivi. Kwa uzito wa kilo moja na kidogo, halipui bomu analolikanyaga. Na kwa kuwa ni mnyama wa usiku, hufanya kazi alfajiri kabla jua halijawa kali.

Wengine hunusa makohozi: sampuli 100 kwa dakika 20, wakitafuta kifua kikuu. Mji wa wachimbaji kama Likasi unaielewa thamani ya hilo, kwa maana vumbi la mawe huyadhoofisha mapafu na kuufungulia ugonjwa huo mlango.

Pua kali panya amezaliwa nayo. Utulivu wa kuitumia mbele ya watu, kwenye ardhi asiyoijua, amepewa na mkufunzi aliyeutangulia woga wake kwa wiki kadhaa. Ufundi huo hauonekani katika picha za nishani, nao ndio uliobeba mengine yote.