Ngao ya Mpira wa Kikapu

Ada ya watazamaji wengi ni kumsifu mtu atiaye mpira kikapuni na kumsahau yule aliyeuzuia usiingie. Ukisimama kando ya uwanja wa shule mjini Kitale au Bungoma, utasikia shangwe kila kikapu kinapofungwa. Lakini mchezaji aliyemziba mpinzani njia mpaka akakosa la kufanya hapigiwi makofi. Sifa ya namna hii ina upungufu, nayo huzipotosha timu zinapochagua wachezaji.

Chukua mfano mmoja. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola, taifa lililokuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73. Mtupo wa mwisho ulikuwa wa Tylor Ongwae, nao ulisifiwa sana. Ulistahili sifa. Lakini na tufanye hesabu: kama Angola ingalipata kikapu kimoja zaidi, mtupo ule usingalifaa kitu. Kila kikapu walichonyimwa Angola katika dakika 40 kilikuwa na thamani sawa na mtupo ule.

Sheria zenyewe humsaidia mlinzi hodari. Timu yenye mpira hupewa sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja, na sekunde 24 za kutupa. Walinzi watano wakiziba njia zote, saa nayo huwa mlinzi wa sita.

Walakini ngao peke yake haishindi vita. Mwaka ule ule, katika mashindano ya Afrika mjini Kigali, Kenya iliibana Sudan Kusini isipate zaidi ya pointi 60, lakini ikatolewa kwa kuwa yenyewe ilipata 58. Hapo ndipo ionekanapo haja ya umahiri wa pande nyingi: mrefu ajue kudundisha mpira, mfupi ajue kuudaka unaporudi, na kila mmoja aweze kushika mahali pa mwenziwe. Mchezaji hutolewa uwanjani akitimiza makosa 5. Timu iliyomtegemea yeye tu huanguka pamoja naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Vijana wa pande hizi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo. St. Anthony's ya Kitale na Kamusinga ya Bungoma zimejipatia jina katika mpira wa magongo, mchezo ambao mshambuliaji hurudi kulinda mara mpira unapopotea. Mazoea hayo yanafaa vile vile katika kikapu. Wala hayana gharama kubwa: kujifunza kutupa kunataka mpira na kikapu, bali kulinda hujifunzwa kwa miguu, macho na pumzi, hata katika shule yenye mpira mmoja tu na isiyo na mchezaji mrefu.

Basi mwalimu achaguapo timu na aulize maswali mawili: nani hufunga, na nani huzuia? Kijana ambaye jina lake ni jibu la yote mawili ndiye astahiliye kuitwa kwanza.