Tokeni si Idhini

Kijana mmoja wa hapa Ifakara, aliyekuwa akijifunza kuendesha makontena ya programu kwa Kubernetes, jina ambalo kwa Kiyunani maana yake ni mshika usukani wa chombo, alinijia na kompyuta yake akiwa amekata tamaa, kwani dashibodi, yaani ukurasa wa kivinjari wa kuisimamia Kubernetes, ilikuwa ikiipokea tokeni yake bila taabu, kisha ikimfungulia kurasa tupu. Alikwisha kuifuta dashibodi hiyo na kuisimika upya mara tatu. Nilimsihi asiifute mara ya nne, bali abonyeze alama ya kengele iliyo juu ya ukurasa, kwa sababu humo ndimo dashibodi huandika kile ilichokatazwa.

Humo mlikuwa na sentensi ndefu ya Kiingereza ambayo wanafunzi aghalabu huiacha mara waonapo neno la katazo, ilhali sentensi hiyo ni ushahidi kamili: humtaja mwombaji, tendo aliloliomba, kitu alichokiomba, na mpaka ambamo ombi limekataliwa. Kwetu mwombaji alikuwa akaunti ya huduma yenye tokeni hiyo, iliyomo katika neimuspesi ya kubernetes-dashboard. Tendo ni kuorodhesha. Kitu ni podi, yaani kifungu cha makontena yanayoendeshwa pamoja. Na mpaka ni neimuspesi ambayo kijana aliiita utafiti, kwani neimuspesi ni kama mtaa uliotengwa ndani ya mji mmoja.

Wanaokumbuka pantoni ya Mto Kilombero, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, wataelewa upesi: tiketi ilikuvusha hadi upande wa Ulanga, lakini haikukupa ruhusa ya kuvuna katika shamba la mtu huko ng'ambo. Tokeni ni tiketi hiyo. Ikiwa imekwisha muda wake, jibu huwa namba 401, na dawa yake ni kutoa tokeni nyingine. Jibu likiwa 403, mlinzi amekwisha kukutambua, ila hana maandishi yanayokuruhusu, na hata ukibadili tokeni mia hutapata kitu.

Basi tukaiuliza mashine yenyewe kwa amri ya kubectl auth can-i, tukiitajia akaunti na neimuspesi, nayo ikajibu la. Ajabu ni kwamba RoleBinding, yaani hati ya kumuunganisha mwombaji na idhini, ilikuwapo, nayo ilitoa idhini iitwayo view. Tulipoisoma mstari kwa mstari tuliona kuwa akaunti iliandikwa kana kwamba inakaa katika neimuspesi ya default. Kubernetes iliipokea hati hiyo bila kunung'unika, kwa kuwa haichunguzi kama anayepewa idhini yuko kweli. Na hili, kwa maoni yangu, ndilo shimo linalowameza wanafunzi wengi kuliko yote. Tukasahihisha neno moja, tukauliza tena, jibu likawa ndiyo. Lau kosa lingalikuwa katika jina la idhini, ingalitulazimu kuifuta hati na kuiandika upya, maana sehemu hiyo haibadiliki.

"Mwalimu, si ningejipa cluster-admin tu yakaisha?" aliniuliza. Nilimkataza kwa moyo wangu wote, kwani hiyo ni idhini ya kufanya lolote katika mfumo mzima. Kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2017 dashibodi ilisimikwa ikiwa na mamlaka yote. Na mwaka 2018 ilibainika kuwa dashibodi ya kampuni ya Tesla, iliyoachwa bila nywila, ilikuwa imeingiliwa na watu waliotumia mitambo yake kuchimba sarafu za kidijitali. Nasi tunaishi katika bonde ambalo tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba, Kilombero na Ulanga, wakiandika uzazi, vifo na uhamaji wa watu. Kijana anayejifunza mahali kama hapa huenda kesho akakabidhiwa maandishi ya namna hiyo, nayo ni amana ya wenye nyumba. Idhini ya view humwonyesha podi na kumficha siri, na kwa kazi yake inatosha.

Dashibodi iliendelea kumnyima orodha ya neimuspesi zote, akadhani bado tumekosea. Nilimweleza kuwa hiyo ni haki, kwa kuwa idhini yake haivuki mtaa mmoja, nikamwambia aandike jina la utafiti katika anwani ya ukurasa. Podi zikatokea, mojawapo ikiwa inaanguka na kuanza upya kila mara, naye akavuta kiti karibu, akaanza kuzisoma kumbukumbu zake.