Ndoo iliyotembea peke yake

Wandugu, tunasemaka kwamba watu wa zamani waliamini uchawi, basi wakiona mchawi jukwaani walitetemeka. Kuna igizo moja linaloonyesha jambo baya zaidi: walicheka.

Agosti 1634, teatri ya Globe, London. The Late Lancashire Witches, ya Thomas Heywood na Richard Brome, inachezwa siku tatu mfululizo, watu wamejaa. Nathaniel Tomkyns alikuwa pale, akaandika katika barua kwamba inachekesha sana. Lakini baadhi ya wale wachawi hawakubuniwa. Walikuwa wamama wa Lancashire waliohukumiwa kweli, na wanne walikuwa wameletwa London kuchunguzwa.

Mmoja ni Mary Spencer. Walimshitaki eti anaita ndoo, nayo inamfuata. Yeye akajieleza: alipokuwa mtoto aliviringisha ndoo kwenye mteremko, wakashindana mbio, na akiipita anaiita ije. Mchezo wa mtoto tu! Jukwaani ndoo ikatembea peke yake kweli, na watu wakafurahi.

Kama kichekesho, igizo limefaulu: karamu ya arusi inaharibika, ndege wazima wanatoka ndani ya chakula, watumishi wanaamuru wakubwa. Lakini imani ya watazamaji ilifanya kazi gani? Haikuwatisha, iliwaondolea swali. Mtu aliyekwisha kuamini haulizi nani anavuta ndoo. Mwishoni waandishi wanakumbusha kwamba pengine huruma itapatikana. Kwangu hiyo ni mvua inayonyesha mahindi yamekwisha kukauka.

Kumbe mtoto aliyewashitaki, Edmund Robinson, alikuwa amekwisha kukiri mwezi wa Julai: alitunga yote juu aliogopa kupigwa, hakuleta ng'ombe nyumbani. Hata hivyo, mwaka 1636 baadhi ya wale wamama walikuwa wangali gerezani.

Mimi ni mtu wa agro. Niliitwa siku moja kwenye shamba la mihogo yenye mozaiki. Badala ya kunionyesha majani, wakanionyesha nyumba ya mama mzee jirani. Na video za WhatsApp, "mchawi amekamatwa", tunazijua. Nani anazituma kwa wengine na kucheka? Sisi wenye licence pia.

Wandugu, mbele ya kucheka, tuulize kwanza: ndoo inavutwa na nani?