Mchezo wa 1993 kwenye kompyuta za Ekerenyo

Maabara ya kompyuta ya shule iliyo mbali na Nairobi ni nadra kuwa na mashine za aina moja. Tangu 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikusanya kompyuta zilizokwisha tumika, likizikarabati na kuzipeleka shuleni, na kando yake kuna biashara ya mashine za ex-UK ambayo haijalala. Kwa hiyo anayetaka kufunga mchezo wa kufyatua risasi wa mtindo wa zamani katika mji kama Ekerenyo, kule Nyamira Kaskazini, ajiandae kukuta Pentium III yenye kibodi ya plagi ya duara, Pentium 4 iliyostaafishwa na ofisi fulani, na laptopu ya biti 64, zote chumba kimoja. Mchezo unaozimudu zote tatu ni Doom, ambayo id Software waliitoa tarehe 10 Desemba 1993. Mafundi wengi hueleza uwezo huo kwa neno moja tu: ni nyepesi. Neno hilo lina ukweli, lakini halifiki kwenye kiini. Doom inahama kutoka mashine hadi mashine kwa sababu waliouandika msimbo wake walichora mpaka kati ya mchezo na kompyuta, na mafundi waliokuja baadaye walihitaji kuujenga upya upande mmoja tu wa mpaka huo.

Tuanze na huo wepesi, maana ulitafutwa kwa jasho. Mwaka 1993 Doom ilikuwa mzigo: ilidai prosesa ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4, na aliyekuwa na kiwango hicho tu aliuona mchezo ukijikokota. Prosesa nyingi za wakati huo hazikuwa na sehemu maalumu ya kukokotoa desimali, ndiyo maana John Carmack, mwandishi wa msimbo wa id, alizigawa namba za mchezo kuwa biti 16 za sehemu nzima na biti 16 za sehemu ndogo, ili kila hesabu ifanyike kwa namba kamili. Pembe zilikokotolewa kabla na kuwekwa kwenye jedwali lenye namba 10,240. Kila ramani ilikatwakatwa mapema kuwa mti wa vipande, hivi kwamba mchezo unapochora ukuta tayari unajua kipi kiko mbele ya kipi. Haya yote yanaeleza kwa nini Doom inakimbia. Hayaelezi kwa nini inahama. Ipo michezo mingi ya DOS ya miaka hiyo iliyokuwa myepesi kuliko Doom, na leo kwenye mashine za kisasa haiwaki ila ndani ya programu inayoigiza DOS, kwa kuwa iliandikwa ikiwa imeshikana na kadi ya picha na kadi ya sauti za enzi yake.

Doom ilinusurika kwa sababu ilizaliwa katika nyumba mbili. Id waliuandika msimbo kwenye kompyuta za NeXT, ambazo prosesa zake za Motorola huhifadhi namba kwa kutanguliza baiti kubwa, huku wateja wao wakiwa na mashine za Intel zinazotanguliza baiti ndogo. Tofauti hiyo pekee ingetosha kuvuruga kila namba inayosomwa kutoka kwenye diski. Waliitatua kwa kuamua kwamba faili la data, lile liitwalo WAD, litafuata mpangilio wa Intel, na kila namba itakayosomwa itapita kwanza kwenye amri ndogo ya kuigeuza pale inapohitajika. Mambo yanayogusa mashine yenyewe, yaani picha, sauti, mtandao na saa, yakatengewa mafaili yanayoanza na herufi i na kistari cha chini. Mchezo wenyewe hauijui skrini. Unachokijua ni kipande cha kumbukumbu chenye baiti 64,000, safu 200 za nukta 320, ambapo kila baiti ni namba ya rangi moja kati ya 256. Huendesha hesabu zake mara 35 kwa sekunde, kisha humwachia jirani aliye upande wa pili wa mpaka kazi ya kuonyesha.

Tarehe 23 Desemba 1997 ndipo faida ya mpaka ilipoonekana waziwazi. Siku hiyo Carmack aliutoa msimbo kwa umma, lakini ule wa Linux, kwa sababu toleo la DOS lilitegemea maktaba ya sauti ya DMX ambayo haikuwa mali ya id. Kama sauti ingekuwa imetapakaa katika msimbo wote, kuuchapisha kungekuwa kazi ngumu zaidi. Ilikuwa nyuma ya mlango wake, ikaachwa nje. Miaka miwili baadaye msimbo uliwekwa chini ya leseni ya GPL. Leo upo mradi uitwao doomgeneric ambao umeupunguza upande wa mashine hadi kazi chache mno: kuanzisha, kuchora fremu, kusubiri, kusoma saa na kupokea kitufe kilichobonyezwa. Anayezitimiza hizo kwenye kifaa chake amepata Doom.

Turudi Ekerenyo, kwenye mashine zetu tatu. Pentium III inafaa kupewa FreeDOS na toleo la bure la mchezo wenyewe, lenye faili la doom1.wad la baiti 4,196,020, ambalo waliolitengeneza walitaka ligawiwe. Kikwazo kitakuwa sauti: programu ya asili inatafuta kadi ya Sound Blaster, na bodi nyingi za baadaye zina chipu ya sauti isiyoitikia amri hizo. Suluhisho la unyonge, ila la kweli, ni kuchagua spika ya ndani ya kompyuta. Muziki utakosekana, milio ya bunduki itasikika. Pentium 4 yenye kumbukumbu ya kutosha inabeba Debian 12 ya biti 32, ambamo Crispy Doom, toleo la kisasa la injini ya mchezo, na data huru ya Freedoom hupatikana kama vifurushi vya kawaida. Kadi ya picha ikikosa draiva, neno force_software_renderer katika faili la mipangilio hupewa thamani 1, na prosesa inachora yenyewe. Laptopu ya biti 64 inapokea vifurushi hivyohivyo. Tahadhari moja hapa ina uzito: usiichukue Freedoom ukaipeleka kwenye ile Pentium III ukidhani Doom ni Doom. Injini ya asili ina nafasi 128 tu za kuweka nyuso za sakafu na dari zinazoonekana kwa wakati mmoja, na chumba kilichochorwa kwa ajili ya injini zilizopanuliwa kinaweza kuzijaza. Zikijaa, mchezo hukata papo hapo na kumrudisha mchezaji kwenye skrini nyeusi ya DOS.

Mtu aliyewahi kuufungua msimbo wa 1997 atanipinga: mpaka unaousifu ulikuwa unavuja. Ni kweli, na mivujo yake yafaa kutazamwa kwa karibu. Ukiuunganisha msimbo ule kama ulivyo kwenye laptopu ya biti 64, utaanguka mapema. Mahali pa kutengea kumbukumbu ya picha za ukuta, waandishi walizidisha idadi ya picha kwa 4, wakichukulia kwamba kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, daima ni baiti 4; kwenye biti 64 ni baiti 8, na nafasi inapungua kwa nusu. Muundo unaosoma picha hizo kutoka kwenye WAD una kielekezi kisichotumika tena ndani yake, nacho kikinenepa kinazisogeza namba zote zinazokifuata. Hata upande wa skrini, toleo la Linux lilikubali onyesho la rangi 256 pekee na kuikataa skrini ya kisasa. Lakini angalia marekebisho yenyewe. Namba 4 inabadilishwa kuwa ukubwa halisi wa kielekezi, kielekezi kilichokufa kinafanywa namba ya kawaida ya baiti 4, na i_video inaandikwa upya. Adui, milango, hesabu za pembe na ule mti wa ramani havikuguswa. Mpaka unaovuja mahali panapojulikana hutengenezeka; msimbo usio na mpaka hauna hata pa kuanzia.

Hoja nzito zaidi ni ya stima. Baadhi ya Pentium 4 zilibuniwa kutoa joto la hadi wati 115 kwenye prosesa peke yake, kabla hujahesabu skrini ya kioo kinene, na shule haina sababu ya kulipa bili hiyo kila mwezi kwa ajili ya mchezo. Naikubali hoja hii bila kusitasita: mashine za aina hiyo zipelekwe kwa wanaochakata taka za elektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, na dawati libaki kwa laptopu. Ila tusichanganye mambo. Mara nyingi mashine hukataliwa kwa sababu mfumo endeshi umeiacha, hata kama mwili wake bado una nguvu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Vivinjari vinadai zaidi kila mwaka. Doom haijapandisha dai lake hata mara moja, kwa kuwa inachoomba kutoka upande wa pili kinahesabika kwa vidole.

Wapo pia wazazi na walimu watakaouliza mchezo wa bunduki unatafuta nini shuleni. Wana haki ya kuuliza, na jibu limo katika mpaka wa pili, ule unaotenganisha injini na data. Mwaka 1996 injini hiyohiyo ilitumika katika Chex Quest, mchezo wa watoto uliotiwa ndani ya pakiti za nafaka za kifungua kinywa Marekani, usio na damu wala maiti. Leseni pia zimegawanyika hapohapo: msimbo ni huru, lakini data kamili ya Doom bado inauzwa, na shule haipaswi kuinakili. Darasa linaweza kutengeneza data yake. WAD huanza na baiti 12 tu: herufi nne za utambulisho, idadi ya vipande, na mahali orodha ilipo. Kila kipande kina mstari wa baiti 16 kwenye orodha hiyo, nane za mwisho zikiwa jina lake. Picha ya sakafu ni nukta 64 kwa 64, baiti 4,096 kamili bila kichwa chochote, na Crispy Doom huipokea kwa swichi ya -merge. Mwanafunzi anaweza kupiga picha jiwe la sabuni la Tabaka au jani la mgomba, akaipunguza picha hiyo hadi ukubwa huo na rangi 256 za mchezo, kisha akaipa jina. Nafasi ya jina ni herufi nane, na EKERENYO inaijaza yote.